Ugonjwa Ulioutangaza Bila Kuujua

Baba Neema,

Hali yako sikuulizi. Mama yako ameshaniambia kuwa u mzima, kwamba umepata kazi huko Geita, kwamba umesikia nimepata nafuu na sasa unataka kurudi nyumbani. Alikaa kwenye kigoda changu, akanifikishia maneno yako kama ulivyomtuma: "Anasema alikuwa hajui." Nilimwandalia chai, maana yeye hajanikosea. Wewe nakujibu hapa, mahali ambapo kila mtu atasoma, kwa sababu ulichonitendea hukukitenda kwa siri.

Sitasema nimekusahau. Nakumbuka ulivyokuwa ukija kwenye jiko langu la samaki pale sokoni Mwaloni, mikono imejaa oili ya injini za mitumbwi, unachagua sato halafu unamrudisha. "Dada, huyu ananitazama vibaya. Nipe mwingine." Nilicheka hadi nikaunguza mafuta. Nakumbuka nilipokuwa na mimba ya Neema, ulivyokuwa ukipandisha maji kule kwetu mlimani Kirumba, jiwe kwa jiwe, ndoo begani, na hukuniruhusu nibebe hata jagi. Mtu yule nilimpenda. Ndiyo maana nina hasira hivi. Ungekuwa mtu baki, ningekuwa nimeshanyamaza.

Wewe ndiye uliyeuona uvimbe wa kwanza. Tulikuwa tunajiandaa kwenda harusini Usagara, unanifunga zipu ya gauni, kidole chako kikagusa shingo yangu kikasimama. "Hii nini?" Nikasema labda jino. Haikuwa jino. Ukaja mwingine kwapani, kisha mitoki kwenye kinena, kisha homa zisizosikia dawa, na jasho la kulowesha godoro. Nikakonda hadi pete ikawa inaanguka kwenye karai la unga. Tulipima virusi vya ukimwi wote wawili, tukakuta hatuna. Tukarudia, hatuna. Ulipotoka mlangoni pa kliniki ukasema, "Vipimo navyo vinadanganya." Nikapewa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Nilizimeza zote, na uvimbe ukazidi kukua.

Hapo ndipo ulipoanza. Kikombe changu ukakitenga. Sahani yangu ukaiweka nje, dirishani. Shangazi yako akasema nimerogwa, nawe ukanipeleka kwa mganga wake. Yule mzee akanichanja chale juu ya matezi kwa wembe, na wewe ndiye uliyenishika mabega nisijitikise. Vidonda vile vilitunga usaha. Kovu moja bado liko hapa shingoni, wateja wananiuliza ni la nini.

Hayo yote ningeweza kuyameza. Lakini siku moja Neema alikuja kukaa mapajani mwangu, ukamvuta mkono ukamwambia, "Usimkalie mama. Utaumwa." Mtoto alinitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

Kisha ukaenda stendi ya Nyegezi ukasema unatafuta kazi, na simu yako haikupatikana tena. Kumbe kabla ya kuondoka ulipita Mwaloni. Ukawaambia mafundi wenzako kuwa Mama Neema kakanyaga waya, ana ukimwi, kwamba wewe unajiokoa. Nilirudi jikoni na vile vinguvu nilivyokuwa navyo, nikakaanga samaki, wakapoa wote kwenye sinia. Mwanamke niliyemzoea kama ndugu alipita akanunua kwa jirani yangu. Na hata ningekuwa na ukimwi, Baba Neema, wapo wanaomeza dawa zao na kulala na waume zao na kuuza samaki. Hilo nalo ulilijua. Ulikuwa unalisikia redioni kila siku.

Mama yangu alikuja kutoka Ukerewe akanibeba. Hospitalini tukampata daktari, binti mdogo, akaniuliza, "Kuna mtu aliyewahi kutoa tezi zima akalipeleka maabara?" Nikamwambia hapana, walichoma sindano tu. Wakalitoa moja kwapani. Majibu yalichelewa, na huku nyuma miguu ilivimba, tumbo likajaa maji, mama akawa ananilisha uji kwa kijiko. Siku yalipofika, daktari alivuta kiti akakaa karibu yangu. Akasema unaitwa ugonjwa wa Castleman, ni wa nadra sana. Si saratani, si kifua kikuu, na hauambukizi.

Nikamwambia sielewi. Akaniuliza kama kwetu watu hupiga mwano, lile yowe la kuita wanakijiji wamkimbize mwizi. Nikasema ndiyo. "Sasa kinga ya mwili wako inapiga mwano na mwizi hayupo. Askari wote wanajazana kwenye matezi, ndiyo yanavimba. Wanaanza kuchoma nyumba yao wenyewe, ndiyo hiyo homa." Nikamuuliza nimekosea nini. Akasema, "Hujakosea kitu. Chanzo chake hata mabingwa bado wanakitafuta." Nililia pale kitandani, mama akidhani nimeambiwa nakufa.

Sasa napata dawa ya dripu na vidonge vilivyonivimbisha mashavu. Matezi yamenywea. Ugonjwa unaweza kurudi, nimeambiwa, kwa hiyo kliniki siikosi. Jikoni nimerudi. Neema analala ubavuni mwangu, na ilimchukua muda kuamini kuwa inaruhusiwa.

Unasema ulikuwa hujui. Mama yangu naye hakujua. Yeye hata kusoma hajui, na alikunywa chai kwenye kikombe nilichonywea. Madaktari walikuwa hawajui, na walinigusa. Kutojua sikulaumu. Nakulaumu kwa sababu hukujua, ukasema.

Kwangu usirudi kama mume. Hilo limekwisha, na wazee wa kwetu nimeshawaambia. Neema ni mwanao, sitamficha. Lakini ukishuka Mwanza usianzie mlimani kwangu. Anzia Mwaloni, mchana, soko likiwa limejaa. Simama mbele ya wale mafundi, uwaambie kuwa uliwadanganya. Usinong'one. Siku ile hukunong'ona. Nitakuwa jikoni kwangu, nakaanga, nasikiliza.

Ni mimi,
Mama Neema, niliyekuwa mke wako