Laptop ya Doreen imetoa siri ukumbini

Devo uko wapi, nimejifungia choo cha ukumbini nacheka huku nalia.

Ile laptop yangu ya chuo, ya Mzumbe, iliyokufa, si niliipeleka kwa fundi wa Msamvu aifufue, nimpe Doreen, binti wa kaka, zawadi ya kipaimara. Nikamwambia fundi asifute kitu, kuna picha zangu. Hapo ndipo nilipojiroga.

Leo tunakabidhi zawadi, ndugu wote wapo, padri yupo. MC na kiherehere chake akasema tuiunganishe kwenye spika watu wasikie kama ni nzima kweli.

Doreen kaiwasha, kabonyeza video ya kwanza aliyoiona.

Devo, ni video ya kicheni pati yangu. Ile ambayo hakuna mwanaume aliyetakiwa kuiona.

Ukumbi mzima unamsikia mama mkubwa Eufrazia ananifunda: "Mwanangu, mume akirudi amenuna usimuulize. Mpe ugali, mpe maji ya kuoga, akishakoroma ndiyo upekue mifuko. Hela usichukue zote, atashtuka."

Usichukue zote. Kwenye spika, Devo. Padri ameinamia soda yake kama anaiombea.

Mama mkubwa kajifunika kitenge uso mzima. Mimi nahangaika kuizima, haizimiki, fundi kaifufua kwelikweli.

Basi mumewe, baba mkubwa Castory, akasimama taratibu. Akaitoa nje mifuko ya suruali, yote miwili, akaitazama.

"Kumbe," akasema. "Na mimi miaka yote naipeleka kwa fundi cherehani aizibe matundu."