Jina la Minza Halina Sukari

Mayu,

Mama yangu, nimejifungua. Ni msichana, kichwa kimejaa nywele, na masikio ni yako kabisa, yale yaliyochomoza kidogo. Ningependa nikuandikie furaha tu, lakini wewe sijawahi kukuficha kitu. Tumegombana ukoo mzima juu ya jina lake.

Desturi unaijua. Mtoto akilia bila kukoma, wakubwa wanasema kuna marehemu anadai jina, na likitajwa lake mtoto hunyamaza. Huyu alilia mpaka majirani wakaja. Basi dada yako, Mama Mkubwa, akampakata, akaanza kumtajia marehemu wetu mmoja mmoja. Alimtaja hadi yule shangazi yake babu aliyekuwa anauma watu kwa meno. Wewe tu akakuruka. Nilipomuuliza mbona jina lako hajalitaja, akajibu bila hata kunitazama, "Mwache Minza apumzike. Jina hilo lina sukari."

Mayu, ilikuwa kama umekufa tena.

Anasema bibi alikufa kwa kisukari, ukafuata wewe, na sasa mjomba anaumwa, kwa hiyo mwenye jina lako naye ataupata. Lakini bibi alikuwa Holo, na mjomba ni Masanja. Wao nani aliwapa jina lako? Kesho yake nikambeba mtoto, nikatoka Ngulyati kwenda hospitali Bariadi kupima sukari.

Nesi alinieleza taratibu, alijua shule yangu iliishia la saba. Alisema mtoto huchota kwa mama na kwa baba vitu vingi vidogo vidogo, na baadhi yake huongeza kidogo kidogo hatari ya sukari kupanda ukubwani. Hata ndugu wa tumbo moja hawachoti sawa. Hapo nikamkumbuka mjomba, mwembamba kama fito, anaumwa, lakini Mama Mkubwa, na unene wake wote, ni mzima. Nesi akasema, "Wewe umerithi hatari, hujarithi ugonjwa."

Sukari yangu imepanda kidogo. Bado haijawa ugonjwa. Niliogopa, mayu. Niliona tena kile kidonda cha mguu wako, tulivyokuwa tunakipaka mizizi huku tunamtafuta aliyekuroga. Hakuna aliyekuroga, ilikuwa sukari. Laiti mtu angetuambia mapema.

Sasa ugali nakula kidogo, mlenda nauongeza, chai nakunywa bila sukari, na shambani naenda kwa miguu hata baiskeli ikiwepo. Wifi anasema nakula kama mgeni anayeogopa kulogwa. Acha wacheke. Nimeambiwa nirudi kupima tena, na nitarudi.

Jumapili walipojaa wote uani, nilimwita mtoto Minza, kwa sauti. Mama Mkubwa akasonya, akatoka. Mtoto akanyamaza. Labda ni jina, labda ni ziwa, maana nilikuwa namnyonyesha. Sijali. Ugonjwa ulikuchukua wewe, hautachukua na jina lako. Akipata akili nitamweleza bibi yake alikuwa mtu wa namna gani, na kwa nini yeye lazima apime damu yake bila kuona aibu.

Lala salama, mayu. Nakuahidi kila asubuhi nitamwita Minza mpaka Mama Mkubwa naye azoee, na mimi nitakuwepo kumwita.

Mwanao