Komeo Upande wa Nje

Nyumbani kwetu,
meza ya kulia chakula.
Jumatano, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtu anayeona haya kukusalimu. Hujambo? Mkeo hajambo? Mgongo wako je, umetulia, au bado unaingia kwenye gari kama mtu anayeingia pangoni? Na baridi ya huko imewapa nafuu kidogo? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi umenihama na presha imepanda. Sikwenda kwa daktari kuuliza sababu maana naijua mwenyewe.

Utashangaa kuletewa barua na dereva wa basi wakati simu ipo. Nimeandika kwa kuwa kwenye simu nimekudanganya. Juzi ulipomtaka dada yako nikakwambia amelala. Ulipopiga tena nikakwambia yuko bafuni. Ukacheka ukasema anaoga kama bibi harusi, na mimi mtu mzima na mvi zangu nikacheka pamoja nawe. Shemeji, hakuwa bafuni. Hayupo hapa nyumbani. Yuko kwa mdogo wenu, mwoka mikate, na aliyemfanya aondoke ni mimi.

Tulia kwanza, usipandishe. Ni mzima, anakula, na sikumwinulia mkono wala sauti. Hakuna mwanamke mwingine pia, maana najua ndiko mawazo yako yanakokimbilia. Ningekuwa na ujanja huo ungeshaniona zamani. Kosa langu ni la aina nyingine, na lazima nikueleze mwenyewe kabla hujaelezwa na wenye midomo mirefu. Mficha uchi hazai.

Unajua alivyoteleza kwenye ngazi za mlango wa jikoni akavunjika nyonga. Unajua na habari za upasuaji, maana hukuacha kupiga simu. Usichojua ni yaliyofuata aliporudi nyumbani. Nilichukua likizo, daraja ninalolijenga nikamwachia msaidizi wangu, nikaigeuza nyumba hii kuwa eneo la ujenzi. Niliweka mabomba ya kushikilia ukumbini, bafuni, hata pembeni mwa kitanda. Nilitoa vizingiti vyote. Nilishusha kabati za jikoni, halafu nikamkataza kuingia jikoni. Unatujua sisi wahandisi: tukiambiwa daraja libebe lori moja, tunajenga la kubeba mawili, kisha tunaweka kibao kinachokataza hata lile moja.

Daktari wa mazoezi, binti mmoja mdogo tu, alinionya mapema. Mwache ainuke mwenyewe, alisema, mguu usiotumwa husahau kazi. Nilimjibu kwa hesabu za mizigo na mihimili mpaka akachoka akachukua mkoba wake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa kwetu guu lilivunjika la dada yako, lakini asiyesikia ni mimi.

Sisemi haya kujitetea, ila nataka ujue yalikoota. Uliponikagua siku ile nilipokuja kwenu kuposa, ulinigeuza viganja ukaona sugu za jembe, ukasema basi huyu atamtunza. Na kweli, mimi kutunza nilifundishwa shambani. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, na kwa baba kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuacha lango wazi. Ng'ombe akitoka akala mahindi ya jirani, haulizwi ng'ombe. Anaulizwa wa mwisho kupita langoni. Mnyama akivunjika mguu tulimtenga karibu na nyumba, tukamkatia majani, tukamletea maji, na hakuna aliyemwuliza kama anapenda kukaa pale. Nilikua nikijua kwamba huo ndio upendo. Hata nilipopata shahada na kofia ngumu ya kazini, dada yako alikuwa akinicheka kila tukitoka, kwa sababu lazima nirudi kuusukuma mlango kuona kama umefungika.

Basi mlango ule wa jikoni, wenye ngazi zilizomwangusha, niliuwekea komeo. Nililiweka upande wa nje. Nilimwambia ni kwa ajili ya wezi.

Siku yenyewe nilikuwa nimetoka kumwaga zege la mteremko mbele ya nyumba, ili asikanyage ngazi hata za huko. Lilikuwa bado bichi, nimelizungushia mbao na kamba, mlango wa mbele haupitiki. Asubuhi msaidizi wangu akapiga simu kutoka kwenye daraja: mbao za kushikilia zege zimeanza kutuna na lori la zege limeshafika. Zege likishachanganywa halimsubiri mtu. Nikavaa buti haraka, nikatokea jikoni bila kutazama uani, nikasukuma komeo.

Nitakuwa mwongo mara ya tatu nikikwambia mkono ulifunga wenyewe kwa mazoea. Nilisimama, shemeji. Nilikumbuka kwamba mbele hapapitiki na kwamba nikifunga huku atakuwa hana pa kutokea. Nikafunga. Nilijiambia ni kwa usalama wake, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kuwa juu ya jukwaa kule huku roho iko juu juu nikimuwaza yeye na zile ngazi. Nilimfungia mke wangu ili mimi nifanye kazi kwa amani. Kwamba moto ungeweza kuwaka sikulifikiria, mimi ambaye jengo lisilo na milango miwili ya kutokea sisaini.

Mvua ilinyesha adhuhuri, kubwa, na kazi ikachelewa. Niliporudi jioni nilikuta nguo kwenye kamba uani, zimelowa chapachapa, nyingine zimeanguka kwenye matope. Shati langu la kazi lilikuwemo. Nikaingia nikiuliza nani kaanika nguo wakati wa mvua, nikidhani ni jirani. Dada yako alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Akasema, "Mimi."

Alikuwa amefua mwenyewe, shemeji. Asubuhi nilipokuwa naoga, kabla ya ile simu, alibeba nguo ndani ya beseni akashuka zile ngazi moja moja, akaanika, akapanda tena. Nilipokuwa naondoka hakuniambia, maana alitaka nirudi nizikute zimekunjwa. Alitaka kunishtua kwa furaha. Kisha mvua ikaja, akaenda mlangoni azianue, mlango haufunguki. Alizitazama zikilowa hadi nilipofika.

Nilianza kusema, sijui hata nilisema nini. Nadhani nilitaja ngazi. Hakupiga kelele. Aliniambia maneno machache ambayo sitayasahau: "Mhandisi, umenijengea zizi zuri sana." Ananiita Mhandisi akiwa amekasirika, siku nyingine ni Baba watoto. Usiku ule aliugeukia ukuta, na kesho yake mdogo wenu akaja na gari lake la mikate kumchukua. Dada yako alitoka na kijibegi na fimbo yake. Mteremko wangu ulikuwa umeshakauka, laini, nimeupiga ufagio usiteleze. Akaupita pembeni, kwenye majani, hakuukanyaga.

Tangu hapo nimekuwa nikizunguka humu ndani nikigonga viwiko kwenye mabomba yangu mwenyewe. Kabati za jikoni nilizozishusha zinanivunja kiuno. Ukinicheka una haki. Lakini nikisimama pale dirishani, nikaitazama kamba tupu, kicheko kinaniishia. Nimekuwa nikisifiwa mtaani kwamba ni mume wa mfano, wanawake wanawaambia waume zao mtazameni fulani. Nilikuwa nazipokea zile sifa. Sasa wakinisalimia najifanya natafuta funguo mfukoni.

Jumapili nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta kwenye duka la mikate, amesimama, anakanda unga, nyonga ameiegemeza kwenye meza na fimbo imetundikwa kwenye msumari. Huku kwangu nilikuwa simruhusu hata kumenya kitunguu. Nilimwambia yote, pamoja na lile la kusimama nikafikiri kabla ya kufunga, ambalo hakulijua. Akaacha kukanda. Nilidhani nimejimaliza. Akaichukua fimbo msumarini, akasema anapanda kuniletea chai.

Shemeji, ngazi za kupandia chumbani kwa mdogo wenu zimejengwa na mtu asiyemiliki futikamba. Hakuna mbili zinazolingana kimo, na hakuna cha kushikilia. Nilianza kuinuka, mdogo wenu akanikandamiza begani kwa mkono wake wenye unga akanikalisha. Nikakaa. Nilimsikia dada yako akipanda, mguu, fimbo, mguu, akipumzika katikati, akiendelea. Alirudi na chupa ya chai kwapani. Alikuwa anatoka jasho, na uso wake sijauona vile tangu aanguke. Nilikunywa chai ile yote, na alama ya unga bado iko kwenye koti langu, sijaipangusa.

Hakusema amenisamehe. Alisema atarudi Jumamosi tuone. Amenipa masharti: komeo litoke, mabomba ya ukumbini yatoke, la bafuni libaki kwa sababu hilo anasema lina akili. Komeo nililing'oa jioni ile ile na msumeno umeanza kazi kwenye mabomba. Jirani anayachukua kujengea banda la kuku. Hata matundu ya parafujo mlangoni nilitaka kuyaziba, nikayaacha. Acha niyaone.

Nakuomba usimpigie kumbembeleza arudi kwa ajili yangu, wala usimkemee mdogo wenu kwa kumchukua. Alifanya ambalo wewe ungelifanya. Mama mkwe mwambie wewe, kwa upole, na umwambie nitakuja mwenyewe kumpigia magoti atakaponiruhusu. Nisalimie mkeo, na mjukuu wako yule mnayemwita Kidevu, na binamu yako fundi viatu, ambaye najua atalicheka jambo hili mwaka mzima. Mwache acheke. Mungu awalinde huko mliko, awape afya, na milango yenu ifunguke kwa ndani.

Sasa ombi, ambalo nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika. Jumamosi atakuja na basi, peke yake. Kutoka stendi hadi hapa atatembea, na njiani kuna mtaro wenye bamba la zege linalocheza, nalijua, nimelipima kwa macho kila siku. Ameniambia akiniona stendi, au kwenye mtaro, au nimejificha nyuma ya kibanda cha mtu yeyote, atapanda basi lile lile arudi alikotoka. Nami nimemkubalia. Lakini sijiamini. Najijua, saa ile ikifika miguu itanitoa nje kabla sijafikiri.

Basi hufika saa tano asubuhi. Nipigie saa hiyo, shemeji, kwenye simu ya mezani ile ya waya, isiyotoka nje ya ukumbi. Nishike na maneno. Nisimulie mgongo wako, nitukane ukipenda, ninastahili, ila usinikatie hata nikikuomba. Ikifika mahali nimenyamaza sikujibu, ujue nimeisikia fimbo yake nje. Hapo na wewe nyamaza, tusubiri wote wawili mpaka afungue mlango mwenyewe.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Mume wa dada yako, kama bado.