Tangu Sauti Iliponyamaza

Jumatatu, 26 Mei
Kanzu mbili zimeisha, ya tatu imebaki kola. Kanisa letu linazitaka zote kabla ya Pentekoste. Nimekunywa uji, nikameza tembe. Mvua hapa mtaani Kondele tangu asubuhi. Hakuna mteja.

Wiki ya sita sasa bila sauti. Miaka kumi na moja ilisema nami nikishona, nikipika, nikifua. Iliniita Nyar Alego, binti wa Alego, kama alivyoniita marehemu mama. Niliyoyasikia niliyasema kanisani, wakaniita nabii. Mwezi wa nne ikaniambia nisile. Nikaanguka juu ya cherehani. Binti yangu Awuor akaja kutoka Nakuru, akanipeleka hospitali. Wakanipa dawa. Sauti ikaondoka.

Nimepona, wanasema. Chumba kimekuwa kikubwa mno.

Jumatano, 28 Mei
Kliniki. Foleni ndefu. Nilimuuliza Sista Beryl, muuguzi: ile sauti ilikuwa Mungu au ugonjwa? Hakucheka.

"Mama, sina mashine ya kupima Mungu. Mimi napima usingizi, chakula, na kama hiyo sauti inakuambia ujiumize."

Nilikasirika. Nilitaka jibu moja. Nimerudi kwa miguu.

Ijumaa, 30 Mei
Mzee Okelo, kiongozi wetu wa kanisa, alipitia kuangalia kanzu. Hakukaa.

"Nabii, Pentekoste tunakungoja."

Sikumwambia kwamba sina kitu. Zamani wanawake walijaa mlangoni hapa na mayai na sukari, niwaombee. Sasa wanainua mikono niwapime, wanaishusha, wanaondoka.

Jumapili, 1 Juni
Ngoma kanisani. Nilisimama, nikafumba macho, nikangoja. Sikusikia ila ngoma. Nyuma yangu mwanamke alisema Roho amenihama. Sikugeuka. Ni yule niliyemwombea akapata mtoto.

Jumatatu, 2 Juni
Sijameza tembe.

Jumatano, 4 Juni
Sijameza. Usingizi umepungua. Awuor alipiga simu kuuliza kama nakunywa dawa. Nikasema ndiyo. Nabii mwongo.

Alhamisi, 5 Juni
Imerudi! Saa nne asubuhi, nikishona kifungo. Nyar Alego. Nililia mpaka kanzu ikalowa. Siko peke yangu.

Ijumaa, 6 Juni
Imesema chakula ni kichafu. Nimemwaga omena wote, dagaa wangu wa mchana. Imesema Awuor si mwanangu, aliniuza kwa madaktari. Amepiga simu mara nne, sikushika.

Haisemi nami kama zamani. Au ndivyo ilivyokuwa siku zote, nami nikawapelekea watu yale mazuri tu? Naogopa hata kuandika hili.

Jumamosi, 7 Juni
Inataka niingie ziwani. Peke yangu. Nisirudi.

Baadaye. Niko hospitali. Mzee Okelo alikuja kuchukua kanzu, akanikuta mlangoni bila viatu. Nikamwambia yote. Hata habari ya tembe. Akaniwekea mkono kichwani, akaomba kwa nguvu. Sauti ikacheka. Nikamwambia inacheka. Akaacha kuomba, akauondoa mkono.

"Vaa viatu, Mama Awuor. Twende hospitali."

Hakuniita nabii. Tulipanda pikipiki moja, yeye nyuma yangu amenishika. Matope yaliiharibu kanzu yake nyeupe. Alikaa kwenye benchi mpaka Awuor akafika.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Wodi. Nimelala mchana kutwa.

Jumapili, 29 Juni
Nimerudi kanisani. Nilikaa nyuma. Mwanamke mwingine anatabiri sasa, na baada ya ibada wanawake walimfuata nje. Niliona wivu. Mzee Okelo alinisalimu kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimekula. Ni hayo tu. Wengine walipita.

Jumatano, 2 Julai
Awuor amerudi Nakuru asubuhi. Nikaenda kliniki peke yangu. Sista Beryl aliniuliza kama bado naomba. Nikamjibu nimwombe nani, hakuna anayejibu. Akasema yeye pia hajawahi kujibiwa kwa sauti hata siku moja, na huomba kila asubuhi akija kazini.

Sikujua. Nilidhani watu wasiosikia sauti hawana kitu.

Alhamisi, 3 Julai
Nimepiga magoti kabla ya kufungua duka. Miaka yote hiyo nilikuwa nasikiliza tu. Leo nimesema mimi. Nimemwambia Mungu nyumba ni tupu. Nimemwambia naikosa sauti, hata ile mbaya. Nimemwambia sijui kama alikuwa yeye. Na goti la kushoto linauma.

Hakuna aliyejibu. Nikaendelea mpaka chai ikapoa.