Filamu Inayolinda Wimbi

Mpendwa mdogo wangu Elija,

Nakusalimu kutoka Siongiroi. Ile kanda ya video unayoitafuta, ambayo pengine ndiyo nakala ya mwisho ya filamu ile iliyobaki, ipo, lakini haimo tena katika kasha lake. Jirani yangu, Mama Chebet, ameufunga utepe wote kwenye vijiti juu ya shamba lake la wimbi ili ung'ae na kuvuma, ndege waogope. Nilimkemea. Akacheka: "Mwalimu, deki ya kuchezea kanda ilikufa zamani. Sasa ndege ndio wanaoitazama filamu!"

Je, picha hustahimili jua na mvua? Natamani sana kujua. Ameniruhusu kuuchukua utepe leo, mradi nilinde wimbi mwenyewe hadi mavuno. Basi usiningojee Jumapili: nina debe, fimbo na sauti yangu ya darasani.

Mungu akutunze.

Kaka yako,
Samweli