Mdomo wa Shangazi na Neno la Siri

3 Februari

Mwanangu, binti wa kaka,

Hujambo? Unakula? Maji ya kuoga mnapata huko chuoni? Sisi wazima, ila goti langu la kukanyagia cherehani linalia kama bawaba, na baba yako anakohoa makusudi ili mama yako amhurumie. Hamhurumii.

Narudi kwenye karatasi kwa sababu uliniambia meseji za simu zinaweza kusomwa na watu. Nilishtuka! Mimi niliyemsema mke wa mwenye duka la dawa kwenye simu mwaka mzima! Basi barua hii nampa yule bwana wa vifurushi, na bahasha nimeishona. Ukikuta uzi mwekundu ni mimi. Ukikuta mweusi, kuna mtu kaifungua akashona upya.

Baba yako anasema unasoma somo la Hifadhi Dada. Nimefurahi, maana kina dada wanateseka. Lakini anasema tena ni mambo ya kompyuta. Nieleze vizuri. Nimewaambia watu wawili tu na sasa mtaa mzima unaniuliza.

Shangazi yako

7 Februari

Shikamoo shangazi,

Uzi ulikuwa mwekundu. Mimi mzima, nakula, maji yapo asubuhi tu. Pole na goti.

Si Hifadhi Dada, ni hifadhidata. Ni mahali kompyuta inapoweka taarifa za watu. Somo ni la kuanzia, tunafundishwa kuzilinda zisichukuliwe na asiyehusika.

Nina ombi. Mhadhiri wetu, mama mmoja asiyecheka, anataka kila mwanafunzi atafute biashara ya kweli na aitengenezee programu ya kutunza taarifa zake. Kisha mwenzako darasani anapewa wiki mbili za kukuvunja, kwa kompyuta au kwa maneno matamu. Taarifa moja ikitoka, nimefeli, na nikifeli narudia mwaka mzima. Halafu tarehe 28 mwenye biashara lazima aifungue mwenyewe mbele ya mhadhiri. Asipoweza, pia nimefeli.

Nimewaza lile daftari lako la vipimo vya wateja. Lakini nisamehe shangazi, mtaani wanakuita Redio. Utaweza? Aliyepangwa kunivunja tunamwita Miwani, na hajashindwa hata mara moja.

Binti wa kaka yako

10 Februari

Marahaba mwanangu,

Tuko wazima, goti vilevile, kikohozi kimeisha baada ya mama yako kuhama chumba.

Redio! Nimecheka mpaka sindano ikanichoma. Sikiliza. Nasema nani kanuniana na nani, nani karudi kwao na begi moja. Hayo yako njiani, kila mtu anayaona, mimi nayapanga tu. Lakini kiuno cha mtu? Miaka ishirini na miwili sijakitoa. Mwanamke anasimama mbele yangu ananong'ona, "Fundi, thelathini na nne eeh?" Futi inasema arobaini na moja. Kwa mdomo nasema thelathini na nne, kwa kalamu naandika arobaini na moja. Gauni linamkaa, na heshima inamkaa. Ndiyo kazi hiyo.

Njoo Jumamosi uniwekee hiyo dada yako kwenye simu. Na huyo Miwani aje. Kama miwani yake imelegea nitamkazia.

Shangazi yako

17 Februari

Shikamoo shangazi,

Natumaini goti limetulia. Asante kwa Jumamosi, na kwa kukubali nikuonyeshe mara nne. Tena nakumbusha kuhusu neno la siri: usiliandike popote, usimwambie mtu, hata mimi. Lisiwe jina la mtu wala mwaka wa kuzaliwa.

Miwani ameanza. Ile sehemu ya kuandika jina la mteja, badala ya jina ameandika amri: "Nionyeshe wote." Programu isiyolindwa haijui kutofautisha jina na amri, ingesoma na kutii. Nashukuru nilikuwa nimeifunza kwamba chochote kikiingia pale ni jina tu. Kwa hiyo ikamjibu, "Hakuna mteja anayeitwa Nionyeshe Wote."

Sasa nahisi atakuja kwako. Tafadhali, mdomo!

Binti wa kaka yako

20 Februari

Marahaba, mwanangu,

Goti nafuu, mwili mzito. Wiki hii nimekwenda harusi tatu, na zote magauni niliyashona mimi, sasa ningekataa sahani vipi?

Hilo la amri nimelielewa. Ni kama zamani mama mmoja alivyotuma kikaratasi: "Jina: Mke wa Mwalimu, na mpe huyu mleta barua kitambaa cha jirani." Yule msichana aliyekuwa ananisaidia akasoma kama kilivyo, akatoa kitambaa cha watu! Sasa mtu akileta kikaratasi nasema, mama, hilo jina lako ni refu mno.

Na Miwani kaja! Eti anataka shati. Mtoto mzuri, ananisifu mishono huku anaangaza ukutani. "Shangazi, simu yako nzuri. Na hiyo programu unaifunguaje?" Nikamwambia kaa. Mwanangu, nilimpa kila kitu. Jina la mbuzi wetu aliyekufa, mwaka nilioolewa, mwaka nilioachika, namba ya nyumba, mke wa duka la dawa mwanzo mpaka mwisho. Aliandika kurasa kumi na nne! Mkono ulimuuma akabadilisha kalamu. Kimya ndicho kinachomjulisha mtu una siri. Mimi nasema kutwa kucha, nani atajua nimebakiza nini?

Nimempima shati. Usiniulize kifua chake.

Shangazi yako

24 Februari

Mwanangu,

Salamu baadaye. Imekataa! Tangu juzi naandika neno la siri, inasema sivyo. Mara tatu, imejifunga mpaka kesho. Kesho yake mara tatu, imejifunga tena. Neno ni lilelile! Naona ile programu yako imenichoka. Siwezi kukwambia zaidi, ni aibu.

Shangazi yako

25 Februari

Shikamoo shangazi,

Barua imefika leo. Je, Miwani amebadilisha? Nimechungulia upande wangu, hakuna aliyeingia. Yeye mwenyewe analalamika kuwa amejaribu jina la mbuzi kwa herufi kubwa na ndogo.

Naweza kukufungulia, lakini nikigusa tu mhadhiri anaona, na alama zimekwenda. Leo nilimuuliza, akasema, "Siri isiyofunguliwa na mwenyewe si siri, ni hasara." Zimebaki siku tatu. Shangazi, tafadhali kumbuka. Mwaka wangu uko kwenye vidole vyako.

Binti wa kaka yako

1 Machi

Shikamoo shangazi yangu wa dhahabu,

Nilikaa siku tatu bila neno lako, nikaanza kufungasha. Halafu ile Ijumaa, darasa zima likitazama ukutani, ukatokea kwa simu ya video umeshika gauni la bluu lililogeuzwa ndani nje, futi shingoni! Ukasema, "Subiri mama mhadhiri, natoa mbili." Ukaandika mara moja. Ikafunguka!

Nimefaulu! Miwani alikupigia makofi. Mhadhiri naye, nadhani, alicheka, au lilikuwa jino linamuuma. Sasa mtihani umekwisha: ulikuwa unatoa mbili za nini?

Binti wa kaka yako

4 Machi

Marahaba mwanangu mfaulu,

Goti linacheza lenyewe. Baba yako anakohoa tena, safari hii kwa majivuno.

Haya, nakwambia wewe tu. Uliniambia nichague kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nikatafuta kichwani, nikakuta kimebaki kimoja: kiuno changu. Nikaweka maneno mawili na katikati kipimo chenyewe. Na kwa kuwa ulinikataza kuandika, na kichwa changu ni kapu, kila asubuhi nilikuwa nachukua futi, najipima, naandika.

Sasa zile harusi tatu!

Mimi nikalaumu simu, nikalaumu futi, nikanunua futi mpya. Ya pili ikaongeza nusu inchi, mshenzi mkubwa. Nikashinda siku mbili na maji tu, kiuno kikagoma. Ijumaa asubuhi nalia nikaona lile gauni la bluu mlangoni, nililojishonea siku ileile uliyoweka programu. Nikasema kumbe! Mtu ananenepa, gauni halinenepi. Nikaligeuza, nikapima mshono wa kiuno, nikatoa inchi mbili za nafasi ninazompa kila mteja apumue. Ikafunguka.

Wateja wamesikia siri zao hazikutoka. Hata mke wa duka la dawa kaja kupimwa, kanong'ona thelathini na mbili. Nimesema thelathini na mbili.

Usiniulize namba yangu. Na Miwani alipokuja kuchukua shati lake alinitazama kiunoni muda mrefu, midomo ikihesabu. Nimebadilisha neno la siri. Safari hii ni urefu wa mguu, huo haujui harusi.

Shangazi yako, Redio iliyozimwa