Kumngoja Mzee Kwenye Duka la Pikipiki

Mutanu,

Muthokoi iko kwa sufuria, pasha tu. Mbuzi wapewe maji kabla jua halijawaka.

Nilipokwambia jana kwamba duka la pikipiki limefungwa, nilikudanganya. Lilikuwa wazi. Muuzaji hata salamu hakunipa. "Mama, mzee yuko wapi? Tutaongea na yeye." Mimi nikasema anakuja! Akaleta viti viwili. Nikakaa saa nzima kando ya kiti kitupu, na baba yenu tulimzika mwaka juzi. Mteja mwingine alipoingia nikatoroka. Nimeona aibu sana, kusema uongo juu ya marehemu hivyo.

~~Usimwambie Musili.~~ Mwambie kaka yako, ajue.

Nimerudi mjini Machakos. Nitamwambia yule muuzaji kwamba mzee alikufa, na pikipiki nitaendesha mimi.

Mama